Jicho la Kamera na Jicho la Mungu

Miaka michache iliyopita niliongoza maziko ya mzee mmoja wa kanisa. Jeneza lilikuwa limeshashushwa, nami nilikuwa nimekwisha kutupa udongo mara tatu kama utaratibu wetu wa ibada unavyoelekeza. Kabla sijaendelea na sala inayofuata, kijana mpiga picha aliyekodiwa na familia alinisogelea akaninong'oneza kwa heshima zote: "Samahani Baba Mchungaji, kuna mama alinikinga. Naomba urudie ule udongo wa mwisho, sikuupata vizuri."

Nikachota udongo tena. Nikautupa. Na zaidi ya hapo, mkono nikauacha hewani kidogo ili apate picha nzuri.

Hakuna aliyelalamika. Sidhani hata kama wafiwa waliona. Tulimaliza ibada, mashada yakawekwa, tukanawa mikono, tukala chakula cha msiba, nikarudi nyumbani. Lakini usiku ule usingizi ulinipaa. Udongo wa mara tatu za kwanza niliutupa mbele za Mungu na mbele ya mjane na watoto wake. Ule wa mara ya nne niliutupa kwa ajili ya nani? Marehemu hakuuhitaji. Mungu hakuwa amekingwa na mtu asione. Niliutupa kwa ajili ya kioo kidogo cha duara kilichokuwa mkononi mwa kijana yule, na kwa kioo hicho mimi, mtumishi niliyewekewa mikono, niligeuka kwa dakika moja kuwa mwigizaji wa ibada ya maziko.

Insha hii ni jaribio la kujibu swali la usiku ule.

Kamera si chombo tu

Tunapozungumzia simu na picha katika vikao vya wazee wa kanisa, sentensi moja haikosekani: kamera ni chombo tu, ubaya uko kwa mtumiaji. Nimeisema mwenyewe mara nyingi. Siku hizi naiona ni nusu ya ukweli. Jembe nalo ni chombo tu, lakini mkono ulioshika jembe kwa miaka thelathini si mkono uleule, una sugu. Kamera nayo inaacha sugu, ila sugu zake haziko viganjani.

Mtazame mtoto wa miaka mitatu. Anacheza na mchanga, amejisahau kabisa. Mama yake akiinua simu, mtoto anasimama, anatabasamu, anaweka mkono kiunoni. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Ameshajifunza kwamba kuna namna ya kuwa anapotazamwa. Sasa mfuate mtoto huyo hadi siku ya kipaimara, siku ya kutuma barua ya posa, siku ya harusi yake. Nimefungisha ndoa ambazo maharusi waliombwa wavishane pete upya kwa sababu ya mwanga. Nimewagawia Chakula cha Bwana watu ambao jamaa zao walikuwa wamesimama nyuma ya meza ya Bwana na simu mkononi, na nimemwona mshiriki akingojea sekunde mbili kabla ya kufungua kinywa. Sekunde mbili si nyingi, lakini katika sekunde hizo mtu yule hakuwa akimngojea Bwana wake.

Sisemi haya kwa kudharau baraka tuliyopewa. Binti aliye masomoni ng'ambo anaweza kuona maziko ya baba yake kupitia simu ya mdogo wake, akalia pamoja na wenzake. Mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani anafuata ibada ya Jumapili. Kwa eksirei na ultrasaundi daktari anaona mfupa uliovunjika na mtoto aliyegeuka vibaya tumboni, na mama wengi wako hai leo kwa sababu hiyo. Picha moja iliyofifia ya bibi yangu ndiyo inayowafanya watoto wangu waamini kwamba aliwahi kuwa msichana. Mimi si adui wa picha. Ninachouliza ni kwamba, tukishazoea kuishi mbele ya kamera, tunakuwa watu wa namna gani?

Luther na swali la picha

Sisi Walutheri tuna historia katika jambo hili, na inafaa tuikumbuke. Mwanzoni mwa mwaka 1522, Martin Luther akiwa mafichoni katika ngome ya Wartburg, mwenzake Andreas Karlstadt aliandika akitaka picha na sanamu ziondolewe makanisani, na baadhi ya watu wa Wittenberg wakaanza kuzivunja. Mwezi Machi Luther alirudi, akapanda mimbarani akahubiri siku nane mfululizo. Alisema picha hazikuamriwa wala hazikukatazwa. Ni jambo la uhuru, na hakuna haja ya kulazimishana kwa nguvu. Neno la Mungu likiiondoa picha moyoni, ile iliyo ukutani haitamdhuru mtu.

Lakini katika mahubiri hayohayo aligusa jambo ambalo wengi hulisahau. Hofu yake kubwa haikuwa kwamba watu wangedhani ubao uliopakwa rangi ni Mungu. Aliona ni wachache wanaofikiri hivyo. Alihofu kwamba mtu akiweka picha kanisani hudhani ametenda jambo jema mbele za Mungu. Ameweka picha, basi amemaliza wajibu wake. Na jirani yake mwenye njaa anabaki na njaa.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1525, akiandika dhidi ya Karlstadt, Luther alikubali kwamba picha zinaweza kuwa na kazi njema, nayo ni kumbukumbu na ushahidi. Maneno hayo mawili yamenisaidia sana, na ningependa tuyashike katika kurasa zinazofuata. Picha inayokumbusha, na picha inayoshuhudia. Ikiwa haifanyi lolote kati ya hayo, tujiulize inafanya nini.

Picha ya Nsala

Tuanze na picha moja ya kweli, iliyopigwa na mikono ya mmisionari.

Mwezi Mei 1904, katika kituo cha misheni cha Baringa huko Kongo, mtu mmoja aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika akiwa amebeba kifurushi cha majani. Nchi hiyo yote ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na wananchi walilazimishwa kuleta mpira wa mwituni kwa kiwango walichopangiwa. Walinzi wa kampuni ya mpira walikuwa wamevamia kijiji cha Nsala. Ndani ya kifurushi kulikuwa na kiganja na mguu wa binti yake Boali, mwenye umri wa miaka mitano. Hayo ndiyo yaliyokuwa yamebaki kwake.

Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza aliyekuwa kituoni hapo pamoja na mumewe John, alikuwa na kamera. Alipiga picha. Nsala ameketi pembeni ya baraza, na mbele yake, sakafuni, viko viungo vile viwili vidogo. Nyuma wamesimama watu wakitazama. Nsala hatutazami sisi. Anamtazama binti yake.

Picha hiyo na nyingine za Alice zilizungushwa Uingereza na Marekani. Yeye na mumewe walizionyesha ukutani kwa taa maalumu katika makanisa na kumbi za mikutano, na watu waliokuwa wakiambiwa kwamba Leopold anapeleka ustaarabu Afrika wakaona kwa macho yao. Mwandishi Mmarekani Mark Twain, katika kijitabu chake cha mwaka 1905, alimfanya Leopold alalamike kwamba kamera ndogo ya Kodak ndiyo shahidi pekee aliyeshindwa kumhonga. Mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa Kongo, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji. Mateso hayakuisha siku hiyo, lakini utawala wa mtu mmoja ulivunjwa, na picha zilikuwa na sehemu katika kuuvunja.

Je, Alice alifanya vema? Nimewahi kuwauliza hivyo wanafunzi wa chuo chetu cha theolojia, na darasa liligawanyika. Wengine walisema ni ushahidi mtakatifu. Ukimya ungekuwa dhambi. Dada mmoja akasema: "Lakini baba yule alikuwa msibani. Nani alimruhusu mtu ampange akae vile mbele ya kamera?" Ni swali zito, na sina haki ya kulipuuza. Picha ile haikunaswa kwa ghafla. Ilipangwa. Baba aliyefiwa aliketishwa na viungo vya mwanawe vikawekwa mbele yake, kisha umaskini wa moyo wake ukaonyeshwa kwa maelfu ya watu asiowajua.

Hata hivyo naona mambo mawili yanayoitenganisha picha ile na nyingi tunazoziona leo. La kwanza, tunajua majina. Tunamjua Nsala, tunamjua Boali, tunakijua kijiji chao. Katika majarida mengi ya misheni ya enzi ile, Mwafrika alichapishwa bila jina, kama mti au mlima. Jina lilikuwa la mzungu aliyesimama katikati. Nsala ana jina kwa sababu aliulizwa, na kwa sababu kilichomleta barazani kilikuwa kuomba ushahidi. Alibeba kifurushi kile kwa miguu yake mwenyewe ili aonekane alichotendewa. La pili, picha ile ilimnyooshea kidole mwenye nguvu. Haikumwonyesha mnyonge ili mwenye nguvu aonekane mwema. Ilimwonyesha mnyonge ili mwenye nguvu aulizwe.

Unga uliisha

Sasa nilinganishe na picha niliyoiagiza mimi.

Katika usharika mmoja niliowahi kuuhudumia, kitengo cha diakonia kilikusanya unga, sabuni, mafuta ya kula na madaftari kwa ajili ya wajane na yatima. Tulitangaza baada ya ibada. Majina yakasomwa, watu wakaitwa mbele mmoja mmoja, na kila aliyepokea alisimama kando yangu huku mfuko ukiwa kati yetu. Mimi nilivaa kanzu na skafu. Picha zilitumwa siku hiyohiyo kwenye kundi la WhatsApp la usharika, kisha zikawekwa kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni, maana wafadhili walitaka kuona. Tukapongezwa sana.

Mmoja wa waliopokea alikuwa mama mwenye watoto watatu. Baada ya Jumapili kadhaa nikaona hayupo kwenye benchi lake. Nikaenda kumtembelea. Alinikaribisha vizuri, akanipa maji ya kunywa, tukaongea habari za mvua na mahindi. Nilipouliza mbona hatumwoni, alikaa kimya, kisha akasema: "Baba Mchungaji, nawashukuru sana, Mungu awabariki. Unga ule tulikula wiki mbili ukaisha. Ile picha haiishi."

Akanieleza kwamba mwanawe wa darasa la sita alionyeshwa picha ile shuleni kwenye simu ya kaka wa mwenzake. Tangu siku hiyo walimwita kwa jina la unga. Mtoto akamwambia mama yake kwamba ni afadhali wangelala njaa.

Sikuwa na la kujibu. Nilijua Mathayo 6 kwa moyo. Nimeihubiri mara nyingi: kwamba Bwana alikataza kupiga tarumbeta mbele yetu tutoapo sadaka, na kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Lakini sikuwa nimegundua kwamba tarumbeta ya siku hizi haina sauti. Ina mwanga. Na hapo ndipo nilipoelewa onyo la Luther: tuliweka picha, tukadhani tumetenda jambo jema mbele za Mungu.

Nipime picha ile kwa maneno mawili ya Luther. Je, ilikuwa kumbukumbu? Mama yule hakutaka kuikumbuka. Je, ilikuwa ushahidi? Ilishuhudia nini, na dhidi ya nani? Haikumuuliza mtu yeyote kwa nini mjane huyo hakubakiziwa shamba mume wake alipofariki. Ilishuhudia kwamba sisi ni wema. Nsala alikuja mbele ya kamera akidai haki. Mama yule aliitwa mbele ya kamera alipe kwa uso wake mfuko wa unga aliopewa.

Nilimwomba radhi. Tukaifuta picha, ingawa kila mwenye simu anajua kwamba kufuta ni neno tu. Alirudi kanisani baada ya muda, nashukuru, lakini akawa anakaa nyuma karibu na mlango.

Wote watatu waliona

Katika Luka 10, kwenye habari za Msamaria Mwema, kuna jambo ambalo nililisoma miaka mingi bila kuliona. Kuhani alimwona yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi. Mlawi alimwona. Msamaria alimwona. Wote watatu waliona jambo lilelile. Tofauti haiko machoni. Kuhani na Mlawi waliona wakapita kando. Msamaria aliona, akahurumia, akakaribia.

Kamera imetuletea njia ya tatu ambayo haimo katika mfano ule: kusimama bila kukaribia. Lori limepinduka barabarani. Watu wanakimbilia hapo, na nusu yao wameinua simu. Hawakupita kando kama kuhani. Wamesimama, tena wanatazama kwa makini kuliko mtu yeyote. Lakini simu iliyo kati yao na majeruhi inawapa kazi nyingine ya kufanya, na kazi hiyo inawatosheleza. Kabla damu haijafutwa, picha imeshafika kwenye kundi la familia, na ndugu wa marehemu anajua habari za msiba wake kwa kuona shati analolifahamu.

Mtu atasema: lakini picha haisemi uongo. Hapa turudi kwenye Amri ya Nane, ile ya kutomshuhudia jirani uongo, kama tulivyofundishwa katika Katekisimo Ndogo. Luther hakuishia kwenye kukataza uongo. Alifundisha kwamba tusimsaliti jirani wala kumharibia sifa, bali tumtetee, tumseme vizuri, na kila jambo lake tulitafsiri kwa upande ulio bora. Kwa kipimo hicho, picha ya kweli kabisa inaweza kuvunja Amri ya Nane. Picha ya mlevi aliyelala mtaroni ni ya kweli. Picha ya binti aliyefumaniwa ni ya kweli. Unapoisambaza, hujasema uongo wowote, na bado umemsaliti jirani yako.

Lakini pia kuna kuona kulikokaribia hata kwa kamera. Tarehe 25 Mei 2020, katika jiji la Minneapolis huko Marekani, binti wa miaka 17 aitwaye Darnella Frazier alipita dukani akakuta polisi amemwekea goti shingoni mtu aliyelazwa chini. Aliinua simu akarekodi hadi mwisho. Taarifa ya kwanza ya polisi ilieleza kifo cha George Floyd kama tatizo la kiafya lililompata wakati wa kukamatwa. Kama binti yule angepita kando, huenda neno hilo lingebaki kuwa la mwisho. Mwaka uliofuata polisi yule alitiwa hatiani kwa mauaji. Darnella hakuwa na nguvu ya kumwondoa askari mwenye silaha. Alitoa alichokuwa nacho, akakaa pale kwa hatari yake mwenyewe, na ushahidi wake ulimnyooshea kidole mwenye nguvu, kama ule wa Nsala.

Kwa hiyo siwezi kuwaambia washarika: wekeni simu chini daima. Ninawaambia: kabla ya kuinua simu, jiulize kama unamkaribia mtu huyu au unamtumia.

Sura tunayopewa

Kuna jambo jingine la kugusa kwa kifupi. Tunaamini kwamba mwanadamu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, Mwanzo 1. Kamera nayo hutupatia mfano wetu, na mara nyingi tunauamini kuliko ule wa kwanza.

Mfano huo haukutengenezwa kwa ajili yetu. Enzi za filamu, maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa ya kawaida, na ngozi nyeusi ikatoka kama kivuli chenye meno. Kwa maelezo ya waliofanya kazi Kodak, waliosaidia kuisukuma kampuni hiyo irekebishe filamu yake ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautishiki pichani. Mwaka 2018 mtafiti Joy Buolamwini pamoja na Timnit Gebru walichapisha uchunguzi wa programu za kompyuta zinazotambua jinsia ya mtu kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika hadi asilimia 34.7.

Haya si mambo ya mbali. Kwaya yetu ya vijana ilipotengeneza picha ya jalada la albamu, fundi aliirudisha akiwa amewang'arisha wote kwa programu yake, hata wale walio weusi kama mkaa. Nilidhani watakasirika. Walifurahi. Msichana mmoja akasema, "Afadhali, tumetoka vizuri." Nikajiuliza ni nani aliyemfundisha kwamba uso aliopewa na Muumba ni kosa la kurekebishwa. Sikuweza kumlaumu fundi peke yake. Katika usharika wetu, ni mara ngapi sisi watu wazima tumemwambia msichana mweusi kwamba ni mzuri?

Kidole cha mhubiri

Katika kanisa la mji la Wittenberg, alikokuwa akihubiri Luther, kuna picha ya madhabahuni iliyotengenezwa katika karakana ya Lucas Cranach na kuwekwa mwaka 1547, mwaka mmoja baada ya Luther kufariki. Katika sehemu yake ya chini Luther yuko mimbarani upande mmoja. Upande wa pili wako washarika, wanaume, wanawake na watoto. Katikati yao yuko Kristo msalabani. Mkono mmoja wa Luther uko juu ya Biblia iliyofunguliwa. Mwingine umenyooshwa kumwelekea Kristo. Luther alikuwa mtu maarufu kuliko wote katika mji ule, na karakana ya Cranach ilikuwa imeshachora sura yake mara nyingi. Lakini hapa yuko pembeni. Ukimtazama, kidole chake kinakuondoa kwake.

Nimeitumia picha hiyo kujipima tangu tulipoanza kurusha ibada mubashara. Wiki za kwanza nilifurahi kuona idadi ya wanaotazama. Wiki za baadaye nikagundua nahubiri nikiielekea kamera, na kwamba bibi wa benchi la mbele, asiyesikia vizuri, amepoteza uso wangu aliokuwa akiusoma midomo. Nikagundua pia kwamba nilikuwa nikichagua maneno yanayoweza kukatwa yakasambazwa kama kipande cha dakika moja. Msalaba ni vigumu kuuweka katika dakika moja. Luther, akifundisha Waraka kwa Warumi, alimweleza mwenye dhambi kuwa mtu aliyejikunja akajielekea mwenyewe. Simu ina kamera mbili, na ile inayotugeukia ndiyo tunayoitumia kwa furaha zaidi. Hata mimbarani nilikuwa nikiitumia hiyo.

Tufanye nini

Katika usharika ninaohudumia sasa tumekubaliana mambo machache, nami nayaleta kwa unyenyekevu, maana bado tunajifunza. Msaada wa diakonia hupelekwa nyumbani, jioni, na wahudumu wawili wasio na kamera. Anayetaka taarifa hupewa hesabu iliyosainiwa, si nyuso. Wakati wa ubatizo, Chakula cha Bwana na maziko, mpiga picha mmoja hukaa mahali alipopangiwa, na hakuna tendo linalorudiwa. Na mtu akipigwa picha kwa ajili ya chapisho lolote la kanisa, huulizwa kwanza, na jina lake huandikwa kama anataka liandikwe. Wapo waliolalamika. Mfadhili mmoja aliacha kutusaidia. Tumekubali hasara hiyo.

Kanuni peke yake hazitatuponya, kwa sababu kiu ya kuonekana ni kiu ya kweli. Hajiri, mjakazi wa Sara, alikimbilia jangwani akiwa mjamzito, bila mtu wa kumtafuta. Katika Mwanzo 16 anakutana na Mungu kando ya chemchemi, na yeye, mtumwa, anampa Mungu jina: Mungu aonaye. Hakuwepo mwingine wa kuuona uso wake siku ile, na ilimtosha akainuka akarudi. Ndiyo maana kila Jumapili tunamaliza ibada kwa baraka ya Haruni, tukiomba Bwana atuangazie uso wake. Tunachotamani kwenye kamera tumeshaahidiwa pale, na Bwana hutuona hata tukiwa na aibu zetu bila kumwonyesha jirani.

Mwezi uliopita nilikuwa kaburini tena. Mpiga picha mwingine, ombi lilelile: alikuwa akibadilisha betri, akaomba nirudie. Nilimwambia taratibu, "Hapana mwanangu. Imeshafanyika." Akainamisha kichwa, akaishusha kamera, na tulipoanza wimbo nikamsikia naye anaimba.